Nyota Tano Zilizonifanya Nimwamkie Zipora

Isaka, Agosti 1954

Kwa Mhariri wa gazeti la Filimbi ya Ziwa,

Huoni haya? Mtu mzima, una meza, una kalamu, una watu wanaokuita Bwana, halafu unachora nyota gazetini bila kuuliza zitamwangukia nani. Zimeniangukia mimi. Salamu sikupi, wala usingoje nikuulize hali. Salamu zangu zote siku hizi zinachukuliwa na mtu mmoja tu, asubuhi na jioni, na wewe ndiye uliyemfungulia mlango.

Jina langu ni Paskazia Nyamizi, mama yake Bujiku, mjane, mwenyeji wa hapa karibu na stesheni ya Isaka. Kusoma nilijifunza Ushirombo kwa mapadre, wakati wa ukatekumeni, nikiwa tayari na mtoto mgongoni. Kwa hiyo ukiona herufi zangu zimeinama usizicheke, ziliinama kwa uzito wa mtoto. Lakini ninachokisoma nakielewa. Gazeti lako nililielewa vizuri sana, na hapo ndipo nilipoumia.

Nikueleze kisa chenyewe, maana wewe ni mtu wa mjini.

Hapa kwetu yuko mwanamke anaitwa Zipora. Mimi na Zipora tumezeeka pamoja, na hakuna aliye hai anayejua ni nani kati yetu aliyetangulia kuzaliwa. Yeye anasema anaukumbuka mwaka ule ng'ombe walipokwisha kwa sotoka. Uongo. Anakumbuka alivyosimuliwa na mama yake, na mama yake alikuwa mtu wa kutia chumvi. Mimi ndiye ninayeukumbuka, maana nililia. Basi kwa kuwa kila mmoja alijua yeye ndiye mkubwa, kila mmoja alingoja shikamoo ya mwenzake. Tukangoja miaka na miaka. Tukikutana kisimani, yeye anatazama mtungi wake, mimi natazama wangu. Msibani tunakaa pande mbili za maiti. Wakwe zetu wakachoka, watoto wakachoka, mwisho akachoka hata mwanangwa wetu, Mzee Nkwabi, ambaye ndiye mkuu wa kijiji na mwamuzi wa mashauri yetu. Akasema, "Mama zangu, ninyi wawili mmenimalizia baraza. Pamba ikishavunwa, mbina iamue."

Mbina ni ngoma yetu ya mashindano. Kuna vyama viwili, Bagika na Bagalu. Mimi ni Mgika tangu tumboni. Zipora ni Mgalu, na wala haishangazi. Siku ya mbina pande zote mbili hupiga na kuimba kwa wakati mmoja, kila upande mwisho wake wa uwanja, na watu husimama katikati. Hakuna hakimu. Hakuna nyota. Watu huenda kwa miguu yao kule kunakowavuta, na jua likishuka, upande uliojaa ndio ulioshinda. Basi Nkwabi akaamua hivi: ambaye upande wake utajaa, huyo ndiye mkubwa, na mwenzake atamwamkia shikamoo mpaka mavuno mengine. Tukakubali. Mimi nilikubali huku nacheka, kwa sababu upande wetu una ningi, yaani kiongozi wa kuimba, ambaye akimtukana mtu kwa wimbo hata aliyetukanwa huomba arudie.

Hapo ndipo lilipoingia gazeti lako.

Lilikuja limefungiwa dagaa wa Nkome. Nilipowakung'uta nikaona picha ya sanduku lenye kifuniko, gramafoni, na chini yake nyota tano nyeusi zimepangwa kama mayai. Pembeni yuko mtu wenu anaitwa Theonest, ambaye nasikia kazi yake ni kusikiliza vyombo vya muziki na kuvigawia nyota. Ameandika: "Sauti yake hukusanya watu kama asali inavyokusanya nyuki. Nyumba nzima hujaa." Halafu zikafuata barua za wasomaji. Mmoja anasema amelia. Mwingine anasema majirani zake sasa wanashinda kwake. Nilisoma mpaka dagaa wakaliwa na paka.

Sasa, Mhariri, ungekuwa mimi ungefanyaje? Mimi nilimtoa fahali mwekundu. Mwanangu Bujiku, anayefanya kazi mgodini Geita, akamuuza, akaenda dukani kwa Bwana Marselino, akaniletea hilo sanduku juu ya lori, pamoja na santuri moja, ile sahani nyeusi yenye nyimbo. Bujiku alinung'unika: "Mama, si ungewamba tu ngoma mpya?" Nikamuuliza, "Wewe umewahi kupewa nyota ngapi?" Ningi wetu nikamwambia apumzike, wapiga ngoma nikawaambia wakatafune miwa. Nikaingia uwanjani na sanduku kichwani, shingo imenyooka, marahaba iko tayari mdomoni.

Yaliyonipata huko ndiyo malalamiko yangu. Nayaandika kwa namba ili usije ukasema hukuyaona.

1. Theonest alisikilizia wapi? "Nyumba nzima hujaa," anasema. Nyumba! Kumbe alikaa chumbani, dirisha limefungwa, bati juu, kiti cha mto, tumbo limeshiba. Sauti ikatoka ikagonga ukuta ikamrudia, naye akaihesabu mara mbili. Uwanja wangu mimi hauna ukuta. Una upepo wa Julai, una vumbi, una ng'ombe wa Nkwabi wanaolia kila mmoja na shida yake. Sauti ilitoka sandukuni, ikafika kwenye zizi la ndama, ikachoka. Sisemi amedanganya. Alisema kweli ya chumbani kwake. Lakini kweli ya chumbani kwake imekula fahali wangu. Angeandika tu, "nyota tano, madirisha yakiwa yamefungwa," ningemwelewa.

2. Mashine hiyo haijui kutukana. Mwanzoni watu walikuja kwangu, nani atabisha? Gramafoni wanazijua, wamezisikia vilabuni huko Geita, ila kwenye mbina hazikuwahi kuonekana. Kwa upande wa kwanza wa santuri uwanja wote ulikuwa wangu. Zipora alibaki na shemeji zake na mpiga ngoma mmoja mwenye kikohozi. Nilimwona akilamba midomo. Lakini mwimbaji wa santuri ni mtu wa pwani, anaimba mapenzi, anamsifu mwanamke ambaye hapa hatumjui yeye wala ukoo wake. Watu wakangoja amtaje Zipora. Hakumtaja. Wakangoja awaachie nafasi ya kuitikia. Anaimba, anajiitikia mwenyewe, kama mtu anayekula peke yake na mlango ameufunga. Nikageuza upande wa pili: mwanamke yule yule, anasifiwa upya! Mkwe wangu mmoja akasema, tena kwa sauti, "Huyu bwana hajui hata tumekuja kushindana na nani." Huko kwa Bagalu yule mwenye kikohozi akaanza kuimba: "Nyamizi kajifungua sanduku uzeeni, linalia, hataki kulinyonyesha!" Watu wakacheka wakaanza kutembea. Mimi nikaligeukia sanduku lenye nyota tano lijibu. Likaendelea na mapenzi yake. Chombo kisichojibu tusi, mnakipaje nyota hata moja?

3. Hamkuandika kwamba santuri haioteshwi moto. Ngoma ikilegea sauti, unawasha nyasi, unaiotesha, ngozi inakaza, sauti inarudi. Nani asiyejua hilo? Basi sanduku lilipolegea, yule bwana akaanza kuimba kwa sauti nzito ya ng'ombe aliyevimbiwa, na mimi nikafanya kama mtu mwenye akili. Nikawasha nyasi, nikaiotesha santuri mbele na nyuma, kwa uangalifu, kama ninavyoiotesha ngoma ya marehemu mume wangu. Ikajikunja kama ungo. Nilipoirudisha, sindano ikawa inapanda mlima na kushuka mlima, na mwimbaji anasikika anakuja, anakwenda, anakuja, kama mtu anayeimba juu ya baiskeli kwenye njia ya ng'ombe. Nimelirudia gazeti lenu neno kwa neno, hata tangazo la dawa ya minyoo. Hakuna palipoandikwa "usiioteshe." Ila rangi ya kitambaa kilichomo kwenye kifuniko, hiyo Theonest ameiandika. Rangi!

4. Chombo hicho hakikubali dawa. Kila chama cha mbina kina dawa yake ya kuvuta watu, hupakwa kwenye ngozi ya ngoma pamoja na siagi. Bagalu wanapaka, sisi tunapaka, padre anajua na anatazama pembeni. Nikaipaka santuri, nikaipaka vizuri, sikuibania. Sindano ikateleza kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho bila kupita katikati, ikasimama hapo ikisema kr, kr, kr. Sasa nijibu, Mhariri. Kama chombo hakikubali dawa, kwa Theonest kiliwakusanyaje watu kama nyuki? Lazima alikuwa na dawa yake, akaificha. Nami nimeigundua. Nilimtuma Bujiku aulizie wale wasomaji wenu. Yule aliyelia ni shemeji yake Marselino mwenye duka. Yule wa majirani ni karani wake. Hiyo ndiyo dawa yenu! Usiniambie na sisi tunaweka ndugu zetu mstari wa mbele. Ndiyo, tunaweka. Niliwaweka wakwe zangu wote, na kuwapikia niliwapikia. Lakini kwetu kila mtu anajua huyu ni mkwe wa nani, na vigelegele vya shangazi havihesabiwi. Ninyi mnamvika shemeji koti la "msomaji wetu mpendwa", na sisi tunadhani ni mgeni.

5. La tano sitaliandika. Linahusu malezi yako, na wajukuu wangu wanaisoma barua hii ninapoandika.

6. Hata hizo nyota zenyewe ni chache. Tano! Hapa kwetu usiku ukiwa na nyota tano tunasema kuna mawingu, tunaingiza ndani michembe, viazi vyetu vilivyoanikwa vikauke. Tano kati ya ngapi? Hukusema. Utauliza mbona sikuliwaza hilo kabla ya kumtoa fahali. Nililiwaza. Ila mlizichora nene mno.

7. Hili ndilo kubwa, na naliandika nikiwa nimekaa chini. Wakwe zangu walihama mmoja mmoja, kila mmoja akisema anakwenda kunywa maji. Sijawahi kuona ukoo wenye kiu namna ile. Nikabaki na sanduku na mbwa wa Nkwabi. Kisha mbwa akaenda. Nilipotazama chini, nikaona miguu yangu mwenyewe inaifuata ngoma ya Bagalu. Mimi! Sikuituma. Mkono uko kwenye hendeli, nazungusha, sanduku linasema kr kr, na huku chini miguu imekwisha nikana. Nikaizuia, yakaanza mabega. Zipora akaona. Nkwabi akaona. Jua likashuka nikiwa hivyo.

Sasa usidhani haya ni mambo ya kuchekwa yakapita. Tangu siku hiyo Zipora amekuwa kiziwi wa makusudi. Namwambia shikamoo kisimani, anauliza, "Nani huyo?" Narudia. Ndipo analivuta hilo jibu lake mpaka mtungi wangu unajaa: "Marahabaaa, mwanangu. Mbona umekua!" Nimekua! Jumapili alinituma kigoda mbele ya watu waliotoka kanisani. Kwenye matanga aliandaliwa kabla yangu, akaninyooshea shingo ya kuku kama anamtuza mtoto. Na sasa ameanza kusimulia jinsi alivyonibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, na watu, badala ya kumzomea, wanatikisa vichwa: aa, kumbe. Unaona hatari yake? Shikamoo ikitolewa mwaka mzima inageuka kweli. Nikifa kabla yake, itasemwa Zipora amemzika mdogo wake. Atalia kwa sauti ya dada mkubwa, na mimi nitakuwa nimelala pale, siwezi kuinuka nikamkosoa.

Kwa hiyo nataka mambo yafuatayo, na sitaki majibu ya "tunalitazama shauri lako".

Theonest apande treni aje Isaka. Atakwenda kisimani kila asubuhi kwa niaba yangu, amwamkie Zipora shikamoo, mpaka mavuno. Kinywa kilichotoa nyota ndicho kizibebe. Nitampa pa kulala, karibu na mbuzi, na ugali atakula. Zipora akijifanya kiziwi, Theonest atarudia. Si kazi yake ni sauti?

Kuanzia sasa kila mtu atakayetoa nyota, chini ya jina lake ichapishwe: alikaa wapi, upepo ulitoka upande gani, chombo alikinunua au alipewa, chakula alikula kwa nani, na yeye ni mkwe wa nani. Asiyetaka kutaja wakwe zake asitaje nyota.

Marselino naye, kabla hajauza gramafoni nyingine, afanye mbina mbele ya duka. Sanduku huku, ngoma kule, wanunuzi katikati. Miguu iamue.

Na Serikali, ambayo kila mwaka inakuja kuhesabu ng'ombe wetu mpaka ndama walio tumboni, ije kwako ihesabu na nyota. Kila nyota ipigwe chapa kama ng'ombe, ijulikane imetoka zizi la nani. Ukikutwa na nyota zisizo na chapa, zikamatwe, na wewe ukalime barabara ya Ushirombo.

Nanyi wasomaji, kama Mhariri atakuwa na ujasiri wa kuichapa barua hii, msikieni mtu aliyeungua. Sauti hainunuliwi kwa macho. Nyota ya karatasi haimulikii mtu njia. Wakichora tano, kataeni. Wakichora mbingu nzima, kataeni. Tegeni sikio kwanza, tena sikio lenu, uwanjani kwenu, na upepo wenu ukivuma.

Sasa nisalimie mkeo, yeye hana kosa isipokuwa la kukukubali. Nisalimie anayepanga herufi, kwa maana herufi zenu zimesimama vizuri. Nisalimie mama mkwe wako kama anaishi. Mwambie nampa pole. Nisalimie wote walioko hapo ofisini, na anayefagia, na walinzi. Theonest usimsalimie, tutasalimiana akifika.

Ni mimi, ambaye kwa haki ni mkubwa wake Zipora,

Paskazia Nyamizi, mama Bujiku

Nyongeza. Nimeileta barua hii stesheni, na kabla sijaifunga, stesheni masta amenionyesha gazeti lenu la juma hili. Kuna redio ya betri. Theonest ameipa nyota sita. Sita! Anasema mwenyewe kwamba safari hii tano hazikumtosha, na mtu anayeona kwamba tano hazitoshi ni mtu aliyejirudi. Tena yuko msomaji mmoja wa Geita anasema ilipolia alisahau kula. Huyo simjui yeye wala ukoo wake, kwa hiyo lazima ni mgeni, na mgeni hana sababu ya kudanganya. Nimesoma kote, mbele na nyuma: hakuna palipoandikwa kwamba haikubali dawa.

Basi hayo ya juu yaache kwanza. Theonest asije, abaki hapo hapo, asitawanye masikio. Fahali mweusi anaondoka kesho kwenda kwa Bujiku. Nkwabi nimemkuta hapa hapa stesheni, nimeshamwambia kwamba mbina irudiwe, na amekubali akiwa ameshika kichwa. Kazi yako wewe ni moja tu. Zipora ana mpwa anayejua kusoma, naye ana ndama wa kuuza. Magazeti yaliyofika hapa Isaka nimeyachukua yote, nimeyakalia. Yaliyobaki kwenye treni, peleka simu yashushwe Shinyanga yasifike huku mpaka redio iwe ndani kwangu. Fanya leo.